Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujifunza solo ya piano ya umeme ya Billy Preston kwenye "Get Back"

Ninafundisha kinanda, na wengi wanaokuja kwangu wametokea kwaya. Kila mwanafunzi anayefikia hatua fulani nampa solo hii, na maswali yake huwa ni yale yale ya waliomtangulia. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja au miwili kwa sababu hayahitaji zaidi. Yale ya noti na ya mguso wa kidole nimekaa nayo, kwani hapo ndipo wengi wanapokwama.

Ni solo gani hasa, na iko wapi ndani ya wimbo?

Ni ile ya piano ya umeme kwenye "Get Back" ya The Beatles, singo iliyotoka Uingereza tarehe 11 Aprili 1969. Wimbo una solo ya gitaa pia, aliyoipiga John Lennon, kwa hiyo usichanganye. Unayoitafuta inaingia mara baada ya kiitikio: uimbaji unapisha, na kinanda kinashika nafasi kwa vipimo vinane tu, kila kipimo mapigo manne. Wimbo unakwenda karibu mapigo 120 kwa dakika, kwa hiyo solo nzima ni kama sekunde 16.

Ukisikiliza singo ama albamu ya *Let It Be* ya mwaka 1970, solo ni ile ile. Tofauti unayoisikia zaidi iko mwishoni: kwenye singo wimbo unasimama kisha unarudi na kipande cha ziada, na kwenye albamu kipande hicho hakipo.

Billy Preston alikuwa nani?

Alizaliwa Houston, Texas, tarehe 2 Septemba 1946, akakulia Los Angeles. Mama yake alikuwa mpiga kinanda kanisani, na mtoto alijifunzia hapo hapo. Alipokuwa na miaka kumi hivi tayari alikuwa akimpigia ogani Mahalia Jackson, mwimbaji wa nyimbo za injili. Mwaka 1957 alionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Nat King Cole. Mwaka 1962, akiwa na miaka 16, alisafiri Ulaya na bendi ya Little Richard, na huko Hamburg akafahamiana na vijana wanne wa Liverpool, yaani The Beatles, ambao dunia ilikuwa bado haijawasikia. Baadaye alipiga na Ray Charles.

Januari 1969 vijana wale walikuwa wamefika pabaya. Walikuwa wanarekodi huku wamechokana, na George Harrison alikwishaondoka kwa siku kadhaa kabla ya kurudi. Harrison alikwenda kumtazama Ray Charles akitumbuiza London, akamwona Preston jukwaani. Tarehe 22 Januari Preston alipita ofisini kwao, nyumba namba 3 mtaa wa Savile Row, kuwasalimu tu. Wakamkaribisha akae kwenye piano ya umeme aina ya Fender Rhodes. Kikao kikabadilika siku hiyo hiyo. Siku nane baadaye alipanda nao juu ya paa la nyumba hiyo kwa lile onyesho lao la mwisho mbele ya watu. Singo ilipotoka, lebo yake iliandikwa "The Beatles with Billy Preston", heshima ambayo hawakumpa mtu mwingine. Alifariki tarehe 6 Juni 2006.

Ninawasimulia wanafunzi habari hii kabla hawajagusa kibonye, kwa sababu inaeleza solo yenyewe. Preston alikuwa mgeni katika nyumba yenye ugomvi, akapewa vipimo vinane. Msikilize jinsi anavyovitumia: hana haraka, halazimishi, wala hajazi kila nafasi.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya. Wimbo huu wa dunia unanihusu nini?

Unakuhusu kuliko unavyodhani. Solo inakaa juu ya kodi mbili, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja: ya kwanza na ya nne. Kwenye kii ya A, yaani A ikiwa ndiyo noti ya nyumbani, hizo ni A na D. Ukitoka kodi ya nne kurudi ya kwanza, umepiga "Amina" ambayo kwaya yako huimba mwisho wa wimbo. Mapambio mangapi unayapiga kila Jumapili kwa kodi hizo mbili na ya tano? Mkono uliopiga solo hii ulilelewa kanisani, na unaweza kusikia kanisa ndani yake. Kama kiongozi wa kwaya yenu hapendi upige nyimbo za nje, jifunzie nyumbani. Utakachopata kitaonekana tu utakapoitikia pambio.

Sijui kusoma nota. Nitaweza?

Utaweza. Ukijua solfa unatosha kabisa. A ifanye kuwa *do*. Kutoka hapo B ni *re*, C# ni *mi*, D ni *fa*, E ni *so*, F# ni *la*. Zipo na noti mbili ambazo wanakwaya wazee wanazijua kwa majina yake: *ma*, yaani mi iliyoshushwa, ambayo hapa ni C, na *ta*, yaani ti iliyoshushwa, ambayo hapa ni G. Kama umewahi kuimba wimbo wenye *ta* na mwalimu akakukemea kwa sababu umeimba *ti*, tayari una sikio linalohitajika.

Ni kodi zipi na noti zipi?

Mpangilio ni wa vipimo vinne vinavyorudiwa mara mbili: A vipimo viwili, D kimoja, A kimoja. Kwenye viitikio, mwisho wa mzunguko bendi hupita haraka kwenye G na D kabla ya kurudi A, na ukiwa na bendi yako uwe tayari kwa mruko huo.

Kodi zote mbili zipige na saba yake. A7 ni *do mi so ta*. D7 ni *fa la do ma*. Sasa angalia jambo moja, nami nakuomba ulikalie hata wiki nzima kama itahitajika. Noti C, ile *ma*, ni ya nyumbani kabisa ukiwa kwenye D7. Ukiwa kwenye A7, noti hiyo hiyo inagombana na C# iliyo jirani yake. Roho ya muziki wa aina hii imekaa kwenye ugomvi huo mdogo. Unagusa *ma* kidogo sana, halafu *mi* inaijibu. Ukichelewa mno kwenye *ma* wimbo unahuzunika. Ukiiruka kabisa unasikika kama zoezi la shule ya msingi. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ndogo ambayo sikio pekee ndilo linaloweza kukupimia.

Mkono wa kulia mazingira yake ni *do re mi so la*, na *ma* na *ta* kama viungo. Kwenye A, tua juu ya *do*, *mi* au *so*. Kodi ikigeuka D, tua juu ya *fa*, *la* au *do*. Wanaoanza husahau hili: huendelea kusisitiza *mi* huku bendi imekwenda D, na wasikilizaji wanahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawawezi kukitaja.

Kuna noti moja iliyo salama pande zote mbili, nayo ni *do*. Ukipotea katikati ya solo, rudi A, ipige kwa mpigo mzuri, upumue, uendelee.

Nimezipata noti zote lakini haisikiki kama yake. Tatizo ni nini?

Tatizo karibu kila mara ni kwamba umejifunza kwa macho. Ulitazama video, ukaiga vidole vya mtu, na vidole vyako sasa vinajua njia, lakini wewe mwenyewe huijui.

Jifunze kwa mdomo kwanza. Nafunga kinanda kabisa, nampa mwanafunzi sekunde nne za kwanza za solo, namwambia aimbe. Siyo solfa, bado. Aimbe "la la" au "dada-du", vyovyote, mpaka aimbe sawasawa na rekodi, na pumzi inayokatika pale pale Preston anapokata. Baada ya hapo aimbe kwa solfa. Kinanda kinafunguliwa mwisho. Nilikuwa na binti wa sauti ya pili, mwimbaji mzuri, ambaye vidole vyake vilikuwa vizito. Aliishika solo hii kabla ya kijana aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote darasani. Yeye aliimba siku tatu. Kijana alihesabu vibonye.

Ukiimba utagundua mambo matatu ambayo macho hayaoni. La kwanza ni ukimya: mwimbaji lazima apumue, na vifungu vya Preston vina pumzi. La pili ni uzito: katika kifungu kimoja kuna noti inayotamkwa kwa nguvu na nyingine zinazonong'onwa, kama unavyosema neno refu la Kiswahili ukikazia silabi ya mwisho kasoro moja. Ukipiga zote kwa nguvu sawa, umesema maneno bila kiimbo. La tatu ni mahali pa kuanzia. Vifungu vya muziki huu hupenda kuanza baada ya pigo la kwanza, siyo juu yake. Piga makofi kwenye pigo la pili na la nne huku ukiimba, na ukiona makofi yanakimbilia pigo la kwanza, rudi mwanzo.

Umeme ukikatika usikasirike. Ndiyo saa nzuri ya kuimba.

Sina Fender Rhodes. Kinanda changu ni cha kawaida.

Wengi wetu hatuna, na hatuihitaji. Lakini ni vizuri ujue chombo kinavyofanya kazi, kwa sababu kitakuongoza namna ya kugusa chako.

Ndani ya Rhodes hakuna nyuzi. Ukibonyeza, nyundo ndogo inapiga kijiti cha chuma kilichoshikwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, na pamoja nacho kuna kipande kizito cha chuma kinachotetema nacho. Mbele ya ncha ya kijiti kuna sumaku yenye waya, kama ile ya gitaa la umeme, inayogeuza mtetemo kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika. Aliyewahi kupiga ilimba ya Wagogo atalielewa wazo hili bila mchoro: chuma kilichobanwa upande mmoja, kikaachiwa kiimbe. Mwanzilishi wake, Harold Rhodes, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwatengenezea askari waliolazwa hospitalini vinanda vidogo vya kupakata, kwa mabomba ya alumini ya ndege. Piano yake kubwa ya umeme ilikuja baadaye.

Kwa sababu ya muundo huo, Rhodes ina sauti mbili ndani ya kibonye kimoja. Ukiigusa polepole inalia kama kengele. Ukiipiga kwa nguvu kijiti kinatikisika zaidi mbele ya sumaku, na sauti inakwaruza kidogo, kama mwimbaji anayekaza koo. Preston anatembea kati ya hizo mbili.

Kwenye kinanda chako, basi, hakikisha kwanza vibonye vinatofautisha mguso mwepesi na mzito. Vinanda vingi vina mpangilio huo, na mara nyingi mtu mwingine ameshauzima. Kisha jaribu sauti zote zilizoandikwa piano ya umeme. Ile inayometa kama kioo chembamba ni ya mtindo wa miaka ya 1980, iache. Chagua yenye joto katikati na inayokwaruza ukikaza. Punguza mwangwi karibu wote, maana mwangwi mwingi unakuficha makosa, nawe unataka kuyasikia. Zima midundo ya kinanda. Tumia metronomu, au piga na rekodi yenyewe.

Kama kibodi yako haina mguso kabisa, bado jifunze. Uzito wa noti utauonyesha kwa urefu: noti muhimu ishike, zisizo muhimu ziachie mapema.

Naweza kupiga kwenye C halafu nitumie transpozi?

Naelewa kwa nini unauliza. Makanisani tumezoea kupiga kila kitu kwenye C au F kisha kitufe kinafanya kazi iliyobaki. Kwa solo hii nakusihi usifanye hivyo, na sababu ni ya mkono. Kwenye C, kile kigongano cha *ma* na *mi* ni Eb kwenda E: kidole kimoja kinateleza kutoka kibonye cheusi kuanguka kwenye cheupe, rahisi mno. Kwenye A ni C kwenda C#, kutoka cheupe kupanda cheusi. Kidole kimoja hakipandi vizuri. Unatumia viwili, cha shahada kwenye C na cha kati kwenye C#, na vidole viwili vinakulazimisha uamue muda kati ya noti hizo mbili, badala ya kuuachia mtelezo. Nimewahi kumruhusu mwanafunzi apite njia ya transpozi. Alipofika kwenye bendi yenye gitaa na kinanda cha kuazima, hakuweza kuanza. Sikumruhusu mwingine tena.

Isitoshe, A na D ni kii ambazo wapiga gitaa wanazipenda. Utakutana nazo popote.

Mkono wa kushoto ufanye nini?

Kidogo sana. Kuna mpiga besi kwenye rekodi, na ukiwa na bendi utakuwa naye pia. Weka noti mbili tu: G iliyo chini ya C ya katikati, pamoja na C# iliyo jirani na C hiyo. Hiyo ni A7 yako, *ta* na *mi*, bila A yenyewe kwa sababu besi ameishika. Kodi ikigeuka D7, shusha kila kidole kibonye kimoja: F# na C. Umefika. Ukirudi A7, pandisha kimoja kimoja.

Wanafunzi wakiliona hili mara ya kwanza huwa wanalirudia dakika kumi nzima bila kuambiwa. Vidole viwili, hatua moja ndogo, na kodi mbili kamili zinasikika. Zipige fupi, kati ya vifungu vya mkono wa kulia, kama mtu anayeitikia "ee" mwenzake anaposimulia.

Ukiwa peke yako nyumbani unaweza kuongeza A na D chini kabisa. Usiweke kodi nzima ya noti tatu huko chini. Piano ya umeme hutoa ukungu mzito upande wa chini na utaimeza solo yako.

Nitumie pedali?

Wakati wa kujifunza, hapana. Toa mguu. Ukishaijua, gusa pedali kwenye noti ndefu tu, kisha iachie kabla ya kodi kugeuka.

Rekodi inakwenda mbio. Nifanyeje?

Ukiiangalia YouTube, kwenye mipangilio kuna kasi ya 0.75 na 0.5, na noti zinabaki kwenye kii yake. Zipo pia programu za simu zinazorudia kipande kidogo tena na tena, yoyote inatosha. Vaa hedifoni, kwa sababu spika ya simu inameza mkono wa kushoto.

Lakini usikae nusu kasi kwa muda mrefu. Ngoma ya Ringo Starr kwenye wimbo huu inakimbia kama farasi, na solo imeegemea mbio hizo. Ukiizoea polepole sana inageuka kitu kingine. Nusu kasi kwa ajili ya kusikia noti, robo tatu kwa ajili ya vidole, halafu kasi kamili hata kama unakosea.

Kama unaweza kupata ile filamu ya mfululizo ya Peter Jackson ya mwaka 2021 kuhusu siku zile za Januari 1969, itazame. Tazama uso wa Preston zaidi ya mikono yake. Anawasikiliza wenzake muda wote.

Itanichukua muda gani?

Anayefanya mazoezi dakika 30 kila siku, na tayari anajua kodi zake, kwangu huwa anaipiga kwa kasi kamili kati ya wiki tatu na sita. Kuipiga vizuri huchukua zaidi ya hapo, na sitakutajia tarehe. Gawa vipimo vinane katika vifungu vinne. Kila kifungu kiimbe, kitafute, kipige, kisha kiunganishe na kilichotangulia siku hiyo hiyo. Ukiviacha vikae peke yake kwa wiki nzima, vitakataa kuungana.

Mbona hujaandika nota za solo yenyewe?

Kwa sababu ukizipata kwenye karatasi hutaisikiliza rekodi mara mia, na kusikiliza mara mia ndiko kunakofundisha. Nimekupa kii, kodi, mazingira ya noti, na mahali pa kutua. Kwa sekunde 16 hizo ni msaada wa kutosha. Andika solfa zako mwenyewe kwenye daftari, kwa penseli, kwa sababu utazifuta mara nyingi. Ukikwama kwenye noti mbili au tatu, mwulize anayeimba vizuri kwenye kwaya yenu kabla hujamwuliza mpiga kinanda.

Lazima niipige kama alivyoipiga?

Mara ya kwanza, ndiyo, noti kwa noti, pumzi kwa pumzi. Ukiibadilisha kabla hujaijua, unakuwa unakwepa sehemu ngumu. Ukishaweza kuipiga huku unaongea na mtu, chukua kifungu cha kwanza ukiache kama kilivyo, halafu cha pili ujibu kwa maneno yako. Ibadilishe hivyo, kifungu kimoja kimoja.

Nikiimaliza, nichukue ipi?

Nenda "Mercy, Mercy, Mercy" ya kikundi cha Cannonball Adderley, iliyorekodiwa Hollywood mwaka 1966. Mpiga kinanda na mtunzi ni Joe Zawinul, mzaliwa wa Vienna. Piano yake siyo Rhodes, ni Wurlitzer: nyundo inapiga ulimi bapa wa chuma badala ya kijiti, na sauti yake inakauka na kukwaruza mapema zaidi. Kii ni Bb na kodi za mwanzo ni Bb7 na Eb7, ya kwanza na ya nne tena, lakini mwendo ni wa taratibu na hakuna pa kujificha. Vile vidole viwili vya mkono wa kushoto vitafanya kazi vile vile: Ab na D, kisha shusha kila kimoja hatua moja, G na Db. Anza hapo, na solo yenyewe uiimbe kabla hujawasha kinanda.